Miraji ya Ngazini

Nyumba tuliyopanga mtaa wa Schaerbeek, Ubelgiji, ilikuwa na ngazi mbaya kuliko zote nilizowahi kupanda. Zilikuwa nyembamba, zimejipinda, mbao zimelika katikati, na taa yake ya kubonyeza ilikuwa na tabia ya kuzima kabla hujafika uendako. Mimi na mume wangu tulikaa ghorofa ya tatu na mtoto wetu wa kwanza, aliyesafiri kuja Ubelgiji akiwa tumboni na akazaliwa ameshaikasirikia baridi. Mume wangu alikuwa anasoma. Akirudi nyumbani alikuwa anasoma pia. Kwa hiyo mazungumzo yangu yote ya miaka ile niliyafanya na wanawake wawili wa ngazi zile.

Mmoja alikuwa maman wa Bukavu, wa ghorofa ya pili, mwenye sauti iliyofika kila mahali bila yeye mwenyewe kutoka mlangoni. Mwingine alikaa chini kabisa, dirisha lake likitazama reli za tramu, yeye na mumewe, wazee wa Kituruki. Watoto wa mtaani walimwita Teyze, yaani mama mdogo kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa amesafisha ofisi za wakubwa kule Schuman mpaka magoti yakamgomea. Yeye aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza, na sidhani kama aliwahi kulijua jina langu. Kifaransa chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, ila viliharibika sehemu tofauti, basi tukawa tunazibiana mapengo.

Urafiki wetu ulianza na sahani ya kaimati. Mwaka ule usiku wa Miraji uliangukia katikati ya baridi kali. Kwetu Tanga usiku huo huwezi kulala: msikitini wanasoma, watoto wanasinzia kwenye mikeka, na mikono yote inanata shira. Nikaona siwezi kuuacha upite kimya kimya kama siku ya kulipia umeme. Nikakaanga kaimati asubuhi ile, nikagawia jirani. Maman wa Bukavu alichukua zake akauliza ni sikukuu gani. Nikamwambia ni siku Mtume alipopaa mbinguni.

"Kupaa?" akasema. "Sisi Kupaa iko mu mwezi wa tano, dada. Na tunapataka congé, hakuna kazi."

Nikashuka chini. Mzee ndiye aliyefungua, na mkononi ameshika saz, gambusi lao la shingo ndefu. Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Teyze akanivuta ndani, akanikalisha jikoni, akaniwekea majani ya mzabibu aliyokunjia wali. Nikala. Nikala tena. Yule mzee alikuwa bado amesimama mlangoni mwa jiko ananitazama mdomo, nami nikasema moyoni, loo, mzee bahili huyu, anahesabu matonge. Kwa ukaidi tu nikaomba ndimu.

Baadaye sana ndipo nilipojua alikuwa anatazama nini. Wao walikuwa Alevi, watu wanaompenda mno binamu yake Mtume, aliyemwoa bintiye, na wanaoswali kwa namna yao. Kijiji walichotoka, Waislamu wa aina yangu walikuwa hawali chakula cha nyumba kama yao. Wangepokea sahani kwa adabu, wakaiweka pembeni, wakasema wameshiba. Mzee alisimama pale kuona sahani yangu nitaiweka wapi. Na mimi, niliyelelewa na mama ambaye ukikataa chakula chake bora uhame, nilikuwa naomba ndimu. Tangu siku ile mlango wao kwangu haukuwa na kugonga.

"Leo ni Miraji," nilimwambia Teyze, mdomo umejaa.

"Najua. Na wakati wa kurudi alipita wapi?"

"Alirudi kitandani kwake, akakikuta bado kina joto. Kila mtoto wa kwetu anajua."

Akacheka mpaka akashika meza. "Hapana, binti yangu. Kwanza alipita mahali."

Akanisimulia, mikono ikimalizia pale Kifaransa kilipokatika. Mtume alipokuwa anapanda, simba alimzibia njia, akanguruma, na Mtume akaogopa. Sauti ikamwambia, mpe pete yako. Akaivua, akamtia simba kinywani, simba akalala chini kwa upole. Akapanda, akazungumza na Mola wake yale aliyozungumza. Wakati wa kurudi akaona nyumba inawaka nuru, na ndani watu wanaongea. Akagonga. Wakauliza, nani? Akasema, mimi ni Mtume. Wakamjibu, kwetu hapana nafasi ya mtume, nenda ukawe mtume kwa umma wako. Akaondoka. Sauti ikamrudisha. Akagonga tena, akajitaja tena kwa cheo chake, wakamkatalia tena. Mara ya tatu walipouliza nani, alisema, ni maskini mmoja, mtumishi wa maskini. Wakamfungulia, wakamkaribisha, karibu, umetuletea heri.

Ndani walikuwa wale wanaoitwa Arobaini, wanaume kwa wanawake, hakuna mkubwa wala mdogo. Mmoja wao alikuwa ametoka kwenda kuomba sadaka, akarudi na punje moja ya zabibu. Wakamwambia mgeni, ewe mtumishi wa maskini, tugawie. Punje moja, watu wote wale! Akaikamua ndani ya bakuli la maji, wakanywa wote, wakasimama wote, wakazunguka kwa furaha, naye akazunguka nao. Na hapo akaiona pete yake kwenye kidole cha mmoja wao.

"Nani?" nikauliza.

"Mkwewe. Mume wa binti yake. Yule simba aliyemwogopa njiani alikuwa mkwe wake mwenyewe."

Nikapinga, maana mimi sijui kukubali kitu mara moja. Nikauliza Buraqi yuko wapi. Nikauliza sala hamsini zilizopunguzwa mpaka tano zimekwenda wapi. Teyze akasema hayo nikawaulize kwetu, yeye ananipa ya kwao. Chumba cha pili mzee alikuwa ameanza kupiga saz taratibu na kuimba kwa sauti ya chini, na Teyze akanieleza kwamba ndiyo hadithi hiyo hiyo, wanaiimba katika ibada yao, na mumewe aliurithi wimbo huo kwa baba yake. Kisha akainama kama anaokota kitu.

"Kila mwaka anamwimba mkwe na simba," akasema. "Muulize mkwe wake yeye yuko wapi."

Ndivyo nilivyojua kwamba kulikuwa na binti.

Alikuwa mmoja tu, amezaliwa wakiwa wameshakata tamaa. Aliolewa na kijana wa Kituruki aliyetengeneza mabasi, mtu mpole, lakini Sunni kama mimi. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba binti akitoka na yule kijana, mlango huu haumjui tena. Binti akatoka. Mpaka nilipohamia mimi, alikuwa hajakanyaga nyumba ya wazazi wake, na jina lake lilikuwa halitajwi mezani.

Niliwahi kumkabili yule mzee. Nilikuwa nakula supu yake, nikamwambia, baba, mimi pia ni Sunni, na wiki nzima niko hapa, mbona hunifukuzi?

"Wewe ni jirani," akasema.

"Na kijana yule si Mturuki mwenzako?"

Akaendelea kukaza nyuzi za saz. "Jirani hachukui mtu akaondoka naye."

Nikamalizia supu yake.

Binti yao nilikutana naye mlangoni pa nyumba, amebeba mfuko wa machungwa, anatazama kengele zetu bila kubonyeza. Alifanana na Teyze kidevu na mabega. Nikamwambia apande kwangu. Alipokwisha kukaa nikashuka, nikamwambia Teyze mbele ya mumewe kwamba mtoto wangu ana homa, aje anisaidie. Mtoto wangu hakuwa na homa hata kidogo, alikuwa anatafuna kiatu.

Tangu hapo ikawa desturi. Mume wa binti alimleta kwa gari, akaegesha kwenye kona karibu na duka la maua, akangojea humo humo, injini inaunguruma. Baridi au jua, hakuizima kamwe, wala hakuwahi kutazama juu kwenye madirisha yetu. Alikuwa anangoja kama mtu aliyeambiwa asimame kwa muda tu. Na Teyze alipanda. Magoti yale na ngazi zile! Alishika ukuta, akapumzika, akataja majina ya mawalii wao, akapanda tena. Maman wa Bukavu aliposikia ile pumzi mara mbili tatu akatoa kiti cha jikoni, akakiweka pale mbele ya mlango wake, na hakukirudisha ndani tena.

"Keti kwanza, maman," alikuwa anasema. "Usinikufie mu ngazi, police watasema ni mimi."

Teyze hakujua Kiswahili cha Bukavu wala cha Tanga, lakini kiti alikielewa. Aliketi, akapangusa uso, kisha akamaliza ghorofa iliyobaki. Juu aliingia anacheka, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, akamnusa nywele. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walizungumza bei za viazi na uvimbe wa miguu. Mimi nilijifanya kuosha vyombo, na nilivipenda sana vyombo vile.

Nilimuuliza Teyze kama mumewe hajui kweli.

"Anajua," akasema. "Wanaume wa kwetu wanajua kila kitu mpaka uwaambie."

Basi binti akapata mimba, na baridi ilipoisha tumbo lilikuwa limeshafika kwenye ukingo wa meza yangu kabla yake. Siku moja Teyze aliketi akaliangalia, halafu akasema kwamba hataki mjukuu wake amjue kwenye jiko la mtu mwingine. "Usikasirike, binti yangu," akaongeza. Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimelizoea jiko langu liwe na watu. Lakini nilimwelewa, na nilimwonea huruma mpaka nikageuka dirishani.

Mwezi wa tano ikaja habari kwamba dede, yaani babu, mzee wao wa dini, anakuja kutoka Ujerumani kuongoza cem. Ndiyo ibada yao ya pamoja, na hutamkwa jem. Miaka mingi walikuwa wanaifanya majumbani, mapazia yamefungwa, kwa mazoea ya kijijini ambako mtu mmoja alilazimika kukaa nje kulinda. Safari hii wamekodi ukumbi, na watakuja watu hata wa Liège na Ghent. Siku yao ya ibada ni Alhamisi, na Alhamisi ambayo hakuna mtu kazini Ubelgiji nzima ni ile ya Kupaa kwa Yesu.

"Donc, basi, ni Yesu amebapa congé," maman wa Bukavu akasema, na akaomba apelekewe chakula kitakachobaki.

Mzee ndiye angeimba Miraji. Wiki ile nzima hatukulala mchana kwa sababu ya saz. Alibadilisha nyuzi, akanywa asali kwa ajili ya koo, akamgombeza Teyze kwa kufungua madirisha. Siku mbili kabla akanisimamisha mlangoni, amenyoa, anang'aa.

"Uje usikie Mtume alipopita," akaniambia.

Nikamwambia nitakuja, nikipata wa kunishikia mtoto. Hakuuliza ni nani. Jioni ile Teyze akanikuta nikianua nguo, akasema, mwambie binti yangu akushikie mtoto, na asiondoke mpaka turudi. Nikaona ni sawa tu, binti anapenda watoto. Sikushuku kitu, mimi ninayejisifu kwa kushuku.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya ghala la mbao, umefagiwa, umetandikwa mazulia yaliyotoka kwenye sebule za watu. Tulivua viatu. Mlangoni alisimama bawabu wao, na hiyo ni kazi ya heshima katika ibada ile. Wanaume na wanawake waliketi pamoja kwa duara, kila mtu akitazamana na mwenzake. Teyze alikuwa ameniambia kwamba wao huswali wakitazama uso wa binadamu, nami nilidhani ni maneno mazuri tu. Sasa nilikuwa nimekaa katikati ya nyuso zile, sijui nitazame wapi.

Dede alikuwa mtu wa makamo aliyevaa sweta, fundi wa kiwanda cha magari siku za kazi. Kabla ya yote aliniashiria mimi, akawauliza waliohudhuria kama wamemridhia mgeni huyu. Kwao hakuna kinachoanza bila kila aliyeketi kuridhia. Wakajibu kwa pamoja, sauti moja nzito, wameridhia. Sijawahi kukaribishwa hivyo mahali popote Ulaya, na machozi yakanitoka kipumbavu kabisa, kabla hata ya ibada kuanza.

Mshumaa ulikuwa haujawashwa. Dede akauliza kama kuna mwenye kinyongo na mwenzake. Aliyeketi kando yangu, msichana wa chuo, alikuwa ananitafsiria sikioni. Wanaume wawili wakainuka, walikuwa na ugomvi wa ukuta wa shamba huko kwao, wakabusiana mabega, watu wakacheka. Dede akauliza tena. Mzee alikuwa upande wa kulia kwake, saz magotini, amefumba macho, tayari yuko kwenye wimbo wake.

Teyze akasimama.

Alisimama kwa shida, amemshika mama mmoja bega. Akaenda katikati, peku, akaweka kidole gumba cha mguu wa kulia juu ya cha kushoto, kama afanyavyo kwao mtu anayesimama kuhukumiwa, akainamisha kichwa.

"Sina radhi," akasema.

"Na nani?" dede akauliza.

"Na mume wangu."

Mzee alifumbua macho polepole. Dede akamwita, naye akaweka saz chini, akaja kusimama kando ya mkewe, naye kidole gumba juu ya kidole gumba, kichwa ameinamisha. Teyze akasema yote kwa maneno machache. Kwamba wana mtoto mmoja. Kwamba yeye anampandia ngazi mtoto wake kama mwizi. Kwamba mjukuu anakuja, na wimbo wa mkwe na simba hautaimbwa mbele yake, yeye Teyze, na mtu asiyemfungulia mkwe wake mlango.

Wazee wawili watatu wakanung'unika. Mmoja akasema kuolewa nje ya njia yao ni jambo zito, lina kanuni zake. Dede akainua mkono.

"Hilo tutalizungumza siku yake," akasema. "Leo nimeuliza nani ana kinyongo na nani, na huyu mama amejibu. Siwezi kuwasha mshumaa."

Mtu akapendekeza kijana wa Ghent apige saz badala ya mzee. Dede akatikisa kichwa. Halikuwa suala la nani anapiga, hakuna kinachoanza. Kisha akakunja miguu yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kukaa, na watu wote wakakaa. Hakuna aliyemkemea Teyze, hakuna aliyemkemea mzee. Harufu ya nyama ya kondoo ilikuwa inatoka jikoni, na watu waliotoka Liège na watoto wao wakakaa wanamngoja.

Nilimwonea huruma yule mzee. Nasema kweli. Wiki nzima ile asali na zile nyuzi. Alimtazama mkewe kwa muda, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo, msichana wa chuo hakukisikia. Lakini nilielewa anauliza binti yuko wapi, kwa sababu Teyze alijibu kwa kunyoosha kidevu, na kidevu kilikuwa kinanielekea mimi.

Tulitembea mimi na mzee tu, kurudi nyumbani kwetu. Barabara zilikuwa tupu kwa sikukuu, jua limetoka, maua ya miti ya barabarani yameanguka mpaka kwenye reli. Mzee alikuwa amevaa viatu kwa kukanyaga visigino, hakuwa na subira ya kuvivaa sawasawa. Kwenye kona, karibu na duka la maua, gari lilikuwa limeegeshwa, injini inaunguruma. Yule kijana alituona, akashika usukani kwa mikono miwili kama anayeogopa utaondoka wenyewe. Mzee akapita bila kugeuza kichwa.

Sijui kama aliwahi kuzipanda ngazi zile kupita mlango wake. Alianza kwa haraka, na ghorofa ya kwanza ikampunguza mwendo. Ya pili akashika ukuta. Maman wa Bukavu akafungua mlango wake, kwa vile masikio yake hayakuwa na sikukuu.

"Keti kwanza, papa."

Mzee akaketi kwenye kiti kile. Akatweta. Halafu akauliza kwa Kifaransa kiti hiki ni cha nani, mbona kiko nje.

Maman alinitazama mimi, nikamtazama yeye. "Ni ya bibi yako, papa," akasema, kisha akarudia kwa Kifaransa. "Anaikalaka hapa kila mara anapanda."

Mzee akainuka kidogo, akakiangalia kile kiti, kiti cha mbao cha kawaida chenye mto wa maua uliochakaa. Akaupapasa ule mto kwa kiganja. Akaendelea kupanda.

Mimi nilibaki ngazi mbili tatu chini yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa juu ya ufunguo. Mlango ni wangu, mtoto wangu yumo ndani, lakini niliona siku ile mlango ule si wangu kuufungua. Akagonga. Yaliyosemwa pale nilitafsiriwa baadaye na binti mwenyewe, ila mengine sikuhitaji kutafsiriwa.

"Nani?"

"Ni mimi. Baba yako."

Nilimsikia mtoto wangu akibwabwaja. Kisha sauti ya binti, karibu kabisa na ubao wa mlango, haina hasira.

"Hapa hapana nafasi ya baba. Nenda ukawe baba kwa watu wako."

Mzee alirudi nyuma nusu hatua, akanikanyaga. Aliyajua maneno yale. Alimwimbia mwenyewe, tangu binti akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisimama akatazama mlango kwa muda mrefu, taa ikazima, nikaibonyeza, ikazima tena, nikaibonyeza. Akagonga.

"Nani?"

"Mwimbaji," akasema, na sauti ilikuwa imepungua. "Watu wananingoja ukumbini."

"Hapa hapana nafasi ya mwimbaji."

Nilidhani atashuka. Alishika ukuta, akainamisha kichwa kama alivyofanya kule katikati ya duara, na nikamwona akiweka kidole cha mguu wa kulia juu ya cha kushoto, ndani ya vile viatu vilivyokanyagwa. Akagonga mara ya tatu, kwa kucha tu.

"Nani?"

"Maskini mmoja," akasema yule mzee. "Maskini mmoja, mwanangu, na magoti yananiuma."

Mlango ukafunguka. Binti alikuwa amembeba mtoto wangu begani, tumbo limetangulia, uso umelowa wote. Mzee hakumkumbatia, hakujua aanzie upande gani na tumbo lile. Alimshika kidevu, kile kidevu cha Teyze, akakishikilia. Mtoto wangu akamvuta mzee sharubu, nami nikaketi kwenye ngazi nikalia kwa raha zangu.

Kurudi ukumbini binti asingeweza kutembea, ikabidi liwe lile gari. Mzee alikaa mbele. Ile ilikuwa safari fupi iliyochukua muda mrefu sana. Tulipofika tukashuka, mimi na mtoto wangu mgongoni. Kijana alibaki ndani ya gari, injini inaunguruma, amezoea. Mzee alikuwa ameshafika kwenye mlango wa ukumbi, bawabu ameshamwinamia. Akageuka. Akarudi mpaka kwenye gari, akagonga kioo cha dirisha. Kijana akakishusha.

"Zima gari," mzee akasema.

Dede aliuliza tena kila kitu tangu mwanzo, hata mimi waliniridhia upya. Wakaulizwa kuhusu kijana aliyesimama karibu na mlango, amebeba viatu vyake mkononi. Wengi wakaridhia haraka, wachache kwa kuchelewa, lakini wakaridhia. Teyze alipoulizwa alisema aulizwe kwanza binti yake. Binti akasema ana radhi. Basi Teyze akasema na yeye anayo, akaketi, akanyoosha miguu yake mbele ya watu wote bila aibu, akaanza kukanda magoti.

Mshumaa ukawashwa. Mzee akaichukua saz. Kituruki sijui mpaka leo, nikawa sijui amefika wapi katika hadithi, kama bado anapanda au ameshaanza kurudi. Kijana naye alikuwa ameketi kando yangu, mgeni kwa mgeni, anaelewa maneno ila ibada haijui, ananitazama mimi nimweleze. Wimbo ukaendelea, ukaendelea, halafu saz ikapiga peke yake, maana mzee alikuwa amenyamaza, na ng'ambo ya duara nikamsikia binti yake akicheka, mkono mdomoni. Nikajua wimbo umefika mlangoni, Mtume anagonga.